Bwawa la Wembley Ambalo Halina Maji

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa London, mahali paitwapo Wembley, liko jumba kubwa la zege ambalo kwa muda wa miaka arobaini na minne liliitwa bwawa. Jina lake lilikuwa Empire Pool, yaani Bwawa la Dola. Watu waliingia humo kutazama mabondia, farasi, mabingwa wa tenisi ya mezani, na waimbaji ambao sauti zao zilizidiwa na makelele ya vijana waliokuja kuwasikiliza. Lakini tangu mwezi wa Agosti mwaka wa 1948 hakuna aliyeshindana kuogelea ndani yake. Maji yaliondoka, jina likabaki.

Habari za jumba hilo zafaa kusimuliwa, kwa kuwa kila mji unaotaka kujenga jumba la michezo lenye paa hukabiliwa na swali lile lile lililomkabili mwenye Wembley. Siku ya sherehe ikishapita, na wageni wakubwa wakisharudi makwao, ni nani atakayeingia humo siku ya Jumanne ya wiki inayofuata, naye atalipa kiasi gani?

MWUZA SIGARA

Mtu aliyelijenga alikuwa Arthur Elvin, aliyezaliwa mwaka wa 1899 katika mji wa Norwich. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Katika Vita Kuu ya kwanza alitumikia kikosi cha ndege, akatunguliwa na kutekwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha alirudi kwao kama maelfu ya vijana wengine, akitafuta kazi yo yote itakayompatia riziki. Mwaka wa 1924 alipata kazi ya kuuza sigara katika kibanda kule Wembley.

Mwaka huo Wembley palikuwa mahali pa ajabu. Tarehe 23 Aprili Mfalme George wa Tano alifungua pale Maonyesho ya Dola ya Kiingereza, ambamo kila nchi ya Dola ilionyesha mazao na kazi za watu wake. Kenya na jirani zake walikuwa na jumba lao la Afrika ya Mashariki. Katika miaka miwili, 1924 na 1925, walioingia walihesabiwa kuwa kama milioni 27. Katika umati huo yule mwuza sigara alisimama nyuma ya meza yake akiangalia watu wapendavyo kutumia fedha zao. Mwaka wa pili alikuwa na vibanda vyake mwenyewe.

Maonyesho yalipofungwa, majumba yaliyokuwa yakisifiwa katika magazeti yakawa mzigo. Hakuna aliyejua la kuyafanyia. Elvin akachukua kazi ya kuyabomoa na kuuza vitu vyake, na kwa faida hiyo akathubutu jambo ambalo wengi waliliona kuwa wazimu: aliafikiana kuununua uwanja mkubwa wa mpira wa Wembley, akatoa pauni 12,000 kwanza, na zilizobaki azilipe kwa muda wa miaka kumi. Punde si punde yule aliyemwuzia akafariki, mwaka wa 1927, mambo yake ya fedha yakiwa yameharibika, na wadai wakataka fedha zote zilipwe mara moja. Mtu mwingine angekata tamaa. Elvin alitafuta wenye mali, akaunda kampuni, akalipa, naye akawa mkurugenzi wake. Ili uwanja upate kula yake alileta mashindano ya mbwa wa mbio. Fainali ya Kombe la mpira ilikuja mara moja tu kwa mwaka. Mbwa walikimbia usiku baada ya usiku.

Hilo la mbwa lishikwe vema, maana ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Elvin alikuwa amejionea kwa macho yake jumba linalojengwa kwa ajili ya siku moja linavyokwisha.

MICHEZO ILIYOHAMISHWA

Michezo ya pili ya Dola ilikuwa imepewa Johannesburg, Afrika ya Kusini, ifanyike mwaka wa 1934. Lakini nchi nyingine ziliingiwa na wasiwasi juu ya jinsi wanamichezo wasio Wazungu wangetendewa kule, basi Michezo ikahamishwa, ikaletwa London. Mbio zilipangwa kufanyika White City. Kwa mashindano ya kuogelea palihitajiwa bwawa kubwa lenye mahali pa kutosha watazamaji, na hapo ndipo Elvin alipoingia.

Alimwita Sir Owen Williams, fundi mkuu aliyekuwa amefanya kazi katika majumba ya Maonyesho ya 1924 na kupewa cheo chake kwa sababu hiyo. Huyu alikuwa mtu wa zege. Aliamini ya kwamba jumba likijengwa kwa hesabu sahihi halina haja ya mapambo, wala ya kufunikwa lipu ili lionekane kama la mawe. Wako waliouona ukuta mtupu wa zege wakasema ni kitu kibaya, na hata leo si kila mtu aupendaye. Lakini msomaji akadirie mwenyewe kazi iliyofanyika. Paa la jumba lile linaruka futi 236 kutoka upande mmoja hata wa pili, nalo halina hata nguzo moja katikati. Hizo ni zaidi ya theluthi mbili za urefu wa uwanja wa mpira. Wakati ule mapaa ya zege yaliyoruka mbali namna hiyo yalikuwa machache duniani.

Njia iliyotumika si ngumu kufahamika kwa mtu aliyewahi kuona mizani ya dukani. Mbavu kubwa za zege zinapanda kutoka pande mbili na kukutana juu katikati. Mbavu zilizo nzito namna hiyo hutaka kuanguka ndani. Kwa hiyo Sir Owen aliziendeleza zitokeze nje ya kuta, na huko nje akaziwekea mapezi makubwa ya zege yaliyosimama wima, yawe uzito wa upande wa pili. Paa linavuta ndani, mapezi yanavuta nje. Mtu apitaye barabarani huyaona mapezi hayo yamejipanga ubavuni mwa jumba, akadhani ni urembo, na kumbe ndiyo yanayoshika paa.

Bwawa lenyewe lilikuwa na urefu wa futi 200 na upana wa futi 60. Tarehe 25 Julai 1934 Mtawala wa Gloucester, mwana wa Mfalme, alilifungua, na katika siku za kwanza za Agosti waogeleaji wa Dola wakashindana ndani yake.

BARAFU JUU YA MAJI

Waingereza ni watu wa kuogelea wakati wa joto, na joto lao ni la miezi michache. Elvin alilijua jambo hilo kabla hajachimba msingi. Jumba lilitengenezwa tangu mwanzo ili bwawa lipate kufunikwa kwa sakafu, na juu ya sakafu itandazwe barafu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Michezo ikiwa imepita miezi miwili tu, watu walikuwa wakiteleza mahali walipoogelea wenzao.

Kwa msomaji ambaye hajaona barafu isipokuwa kwa mbali, juu ya kilele cha Mlima Kenya, huenda ikawa ajabu kusikia barafu inatengenezwa ndani ya nyumba. Hufanywa hivi. Mabomba membamba hulazwa chini, moja karibu na jingine, na ndani yake hupitishwa maji ya chumvi yaliyopozwa sana kwa mashini. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, basi huendelea kupita katika mabomba yakiwa baridi kuliko barafu yenyewe. Maji matamu yakimwagwa juu ya mabomba hayo huganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso wake ukawa mgumu na laini kama kioo.

Juu ya barafu hiyo ulichezwa mpira wa magongo, mchezo wa mbio na vishindo ambao Wakanada ndio mabingwa wake. Wembley ilikuwa na timu zake, mojawapo ikiitwa Lions, yaani Simba, na wenyeji wa London waliupenda mchezo huo kwa haraka iliyowashangaza hata waliouleta. Yalifuata maonyesho ya kucheza ngoma juu ya barafu. Kidogo kidogo ilidhihirika kwamba fedha za jumba zilitoka juu ya sakafu, wala si majini.

Hesabu yake ni rahisi. Sakafu hubadilishwa: leo barafu, kesho jukwaa la ngumi, keshokutwa meza za tenisi. Hata viti vya watazamaji hupangwa juu yake. Maji hayabadiliki kuwa kitu kingine. Lazima yatiwe moto na kusafishwa kila siku, na mahali yalipo hapawezi kuwekwa kiti hata kimoja.

Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939 jumba lilipata wageni wengine kabisa. Mwaka wa 1940 watu wa Gibraltar, wanawake na watoto na wazee waliohamishwa kwao kwa ajili ya hatari ya vita, walipewa malazi humo.

SIKU ZA MWISHO ZA BWAWA

Mwaka wa 1948 Michezo ya Olimpiki ilikuja London. Uingereza ilikuwa bado na majeraha ya vita, chakula kikipimwa kwa kadi, na hapakuwa na fedha za kujenga viwanja vipya. Elvin, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa cheo cha Sir, aliutoa uwanja wake na jumba lake. Bwawa likajazwa tena. Kwa kuwa lilikuwa refu kuliko mita 50 zinazotakiwa, ilibidi lipunguzwe. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki waogeleaji kushindania chini ya paa.

Wamarekani waliyateka mashindano ya wanaume yote, mbio sita za kuogelea na michezo miwili ya kupiga mbizi. Lakini watu wawili kati ya Wamarekani hao wanastahili kukumbukwa zaidi ya wengine. Mmoja ni Sammy Lee, daktari, mwana wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Korea. Alipokuwa kijana huko California, bwawa la mji wa Pasadena lilifunguliwa kwa watu wasio Wazungu siku moja tu katika wiki, na siku hiyo ikiisha maji yalitolewa yakatiwa mapya. Siku nyingine alijifunza kujirusha kwa kuangukia shimo la mchanga. Wa pili ni Vicki Draves, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Ufilipino na mama yake Mwingereza. Alipotaka kujiunga na chama cha kuogelea huko San Francisco aliambiwa atumie jina la ukoo wa mama yake, ili jina la baba lisionekane. Kule Wembley, katika wiki moja ya Agosti, Lee alishinda kwa kujirusha kutoka jukwaa la juu, na Bibi Draves akashinda mashindano yote mawili ya wanawake, kutoka ubao na kutoka jukwaa. Hakuna mwanamke aliyepata kuyashinda yote mawili katika Olimpiki moja kabla yake.

Waogeleaji walipokwisha, jukwaa la ngumi likajengwa juu ya bwawa, na mabondia wakapigana pale kumalizia mashindano yao. Mmoja wa washindi alikuwa László Papp wa Hungaria, aliyeshinda tena mwaka wa 1952 na mwaka wa 1956.

Baada ya hapo maji yakatolewa. Hakuna sherehe iliyofanywa ya kuliaga bwawa.

WALIOPATA NA WALIOKOSA

Ukitazama daftari ya miaka iliyofuata, ni vigumu kumlaumu Sir Arthur. Mwaka wa 1950 walikuja Harlem Globetrotters, wale Wamarekani weusi wanaoucheza mpira wa kikapu kama mazingaombwe. Mwaka wa 1954 mashindano ya dunia ya tenisi ya mezani yalifanyika humo, na Ichiro Ogimura wa Japani akawa bingwa. Tangu mwaka wa 1957 mpaka 1993 yalikuwa makao ya mashindano makuu ya badimintoni ya Uingereza. Tangu mwaka wa 1959 farasi waliletwa kuruka viunzi, na sakafu ile iliyokuwa barafu ikawa udongo.

Sir Arthur mwenyewe hakuyaona yote hayo. Alifariki mwezi wa Februari 1957 akiwa safarini melini, akazikwa baharini.

Mabondia walipata mengi pale, mema na mabaya. Tarehe 20 Septemba 1966 Henry Cooper, kipenzi cha Waingereza, aliangushwa na Floyd Patterson katika raundi ya nne. Mwaka wa 1974 John Conteh, mzaliwa wa Liverpool ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alimshinda Jorge Ahumada wa Argentina, akawa bingwa wa dunia wa uzito wake, na jumba zima likamshangilia. Miaka sita baadaye, mwezi wa Septemba 1980, Mmarekani mweusi Marvin Hagler alimpiga Alan Minter mpaka mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya tatu. Safari hii watazamaji walirusha chupa na makopo ya pombe ulingoni, hata bingwa mpya akatolewa nje akilindwa na polisi, kabla hajavikwa mshipi wake. Ni jumba lile lile na sakafu ile ile. Zege halina habari ya wanaoingia.

Kisha wakaja wanamuziki. Tarehe 1 Mei 1966 The Beatles walipiga humo katika onyesho la washindi wa gazeti moja la muziki, nalo likawa onyesho lao la mwisho la namna hiyo katika Uingereza. Mwezi wa Novemba 1979 kundi la ABBA kutoka Uswidi lilijaza jumba usiku sita mfululizo. Muziki ndio uliokuwa mlipaji mkubwa, na mwaka wa 1978 wenye jumba walikwisha kuliacha jina la Bwawa wakaliita Wembley Arena. Miaka miwili kabla ya hapo Serikali ilikuwa imeliandika katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria.

Lakini waogeleaji nao wana neno lao, na ni neno la haki. Walijengewa bwawa kubwa lenye paa, wakalitumia kwa mashindano makubwa mara tatu, 1934, 1938 na 1948, halafu wakanyang’anywa. Kijana wa London aliyemwona Sammy Lee akijirusha, naye akatamani kujaribu, hakuweza kurudi pale. Ilikuwa mpaka mwaka wa 1964 ndipo London ilipopata kituo cha taifa cha michezo huko Crystal Palace, chenye bwawa la mita 50. Miaka kumi na sita ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua, na kuikosa nafasi yake. Kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kutafuta faida, maana ndiyo kazi yake; lakini mji ulioiachia kampuni bwawa lake la pekee lililo kubwa ulipaswa kufikiri mapema zaidi.

Miji mingi iliyojenga baadaye imetenga maji na sakafu. Nairobi ni mmojawapo. Kituo cha Kasarani, kilichojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika Yote ya mwaka wa 1987, kina bwawa lake peke yake, na kando yake jumba lake la michezo ya ndani, lenye viti kama 5,000. Mwaka wa 1993 mashindano ya Afrika ya mpira wa kikapu yalifanyika Nairobi. Angola ilishika ubingwa na Kenya ikawa ya nne. Waogeleaji hawakuhitaji kuhamishwa.

Wembley Arena ilifungwa kwa matengenezo makubwa yaliyogharimu pauni milioni 35, ikafunguliwa tena mwezi wa Aprili 2006. Mlango mkuu uliokuwa upande wa magharibi ulihamishiwa upande wa mashariki, na mahali pakawekwa pa watu kama 12,500. Tangu hapo jina limekwenda kwa anayelipa: mwaka wa 2014 lilipewa kampuni moja ya umeme, na mwaka wa 2022 nyingine. Mbavu za Sir Owen zimebaki zilivyo, na mapezi yake nje.

Mwaka wa 2012 Olimpiki ilirudi London. Waogeleaji walijengewa jumba lao jipya huko Stratford, upande wa mashariki wa mji. Wembley walipelekwa wachezaji wa badimintoni, na wasichana wa mazoezi ya viungo wenye utepe na mpira, wakacheza katika jumba lililojengwa ili liwe bwawa.